Joto Linalopotea Bure

Nilipowaambia mafundi wenzangu pale Mbalizi kwamba nimepata kazi ya kufunga mashine za chumba cha baridi Iringa, walicheka mpaka mmoja akaweka spana chini ili acheke vizuri. "Iringa? Mwezi wa saba huu? Unawapelekea baridi ya nini, kwani wamekwambia imewaishia?" Mwingine akanishauri nikimaliza niwapelekee na mawe. Aliyefika Iringa anajua kwamba mawe ndicho kitu cha mwisho ambacho mtu wa kule angenunua.

Mimi nina hasira za karibu. Niliseme hilo mapema, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Mama yangu husema nilizaliwa mkunga hajamaliza kunawa mikono, na tangu siku hiyo sijawahi kumsubiri mtu amalize neno lake. Niliwajibu wale wanaume kwamba baridi ya nje haina adabu, inakuja inapotaka na kuondoka inapotaka. Saa nane mchana jua la Iringa linaivisha parachichi kama jua la mahali pengine popote. Anayehifadhi matunda anataka baridi iliyotulia, nyuzi sita leo, nyuzi sita kesho, mpaka mnunuzi aje. Nilisema maneno mengi mazuri, lakini walikuwa bado wanacheka.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi chini ya fundi mwingine, na chumba kikigoma yeye ndiye aliyekuwa anakuna kichwa. Hiki cha Iringa kilikuwa cha kwanza ambacho kichwa cha kukunwa kingekuwa changu.

Mwenye chumba alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara. Babu yake alitoka Bagamoyo na mizigo ya nguo, akafika Iringa, akaoa, akabaki. Mjukuu huyu aliongea Kihehe na wakulima, Kiswahili cha kwao pwani na mimi, na nyumbani kwake hapakukosa maandazi, ingawa siku zile yalikuwa bapa na magumu. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba yake, kuta nyeupe nene zenye sponji ndani, kimejengwa tayari, kinasubiri mashine. Alikuwa amewaendea kina mama wanaolima maparachichi huko Kilolo, akawaambia: leteni kwangu Alhamisi, lori la mnunuzi linakuja Jumanne, na mpaka Jumanne hakuna hata moja litakalolainika. Si wote waliokubali haraka. Walishawahi kumwamini mtu mwingine mwenye banda, wakaja kukuta uji. Kwa hiyo lile neno "hata moja" lilikuwa lake, lakini wa kulitimiza nilikuwa mimi na mashine zangu.

Alikuwa na tabia moja iliyonitesa. Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko kazi. "Hujambo mwanangu? Mama hajambo? Baba? Watoto? Ah, huna? Utapata, inshallah. Majirani? Mahindi yamekauka vizuri huko Mbeya?" Na ukimuuliza yeye, kwake habari mbaya haitangulii mbele ya nzuri. Hata nyumba ikiungua angekwambia, "Nyumba haijambo, alhamdulillahi, ila imeungua." Wengi wetu tuna desturi hiyo, najua, hata msibani watu hujibu njema kwanza. Lakini yeye kati ya "alhamdulillahi" na "ila" alikuwa anaweka nafasi ya kutosha kupika chai.

Kazi ilichukua siku tatu. Mashine ya ndani, ile yenye feni, huning'inizwa darini, na kila mara ni nzito kuliko ilivyoonekana dukani na dari iko juu kuliko ulivyopima. Zilikuwa mbili. Nilisaidiwa na mlinzi wa pale, mzee wa Kihehe mwenye koti la jeshi na mikono kama jeki. Tukazipandisha, tukazifunga, nikalehemu mabomba ya shaba kupitia ukutani hadi kwenye mashine ya nje, lile sanduku kubwa lenye feni lililokaa uani juu ya zege. Kabla ya kutia gesi nilijaza hewa ya kupima na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kuona kama kuna kinachopumua. Mwenye nyumba akaja kusimama nyuma yangu. "Mwanangu, mbona unayaogesha?" Nikamweleza. Akaenda kuniletea sabuni yake nyingine ya unga, akisema hiyo yangu haitoi povu la maana. Na kweli yake ilikuwa bora.

Siku ya tatu nikawasha. Hakuna sauti ninayoipenda duniani kama ile ya mashine inaponguruma mara ya kwanza halafu ikatulia. Kipimo mlangoni kikaanza kushuka, kumi na nane, kumi na tano, kumi, na jioni kikasimama kwenye sita kama kilichopigiliwa misumari. Nilifurahi mno, na mimi nikifurahi naongea. Nikamchukua mama mwenye chumba hadi uani nikampa somo ambalo hakuniomba.

"Mama, watu wanadhani mashine hii inatengeneza baridi. Haitengenezi baridi. Inachukua joto lililomo kwenye matunda, inalibeba kwenye haya mabomba, inakuja kulitupa hapa nje. Weka mkono uone."

Akaweka mkono mbele ya feni. Uani kulikuwa na baridi ya kukufanya ujute kuwa na masikio, na pale mbele ya feni palikuwa na uvuguvugu mtamu. Akashangaa. "Joto lote hili ni la chumbani?"

"Lote."

"Na linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, mama. Linapotea bure tu."

Ningejua neno "bure" linafanya nini katika kichwa cha mfanyabiashara, ningelimeza. Lakini nilikuwa najisikia mwalimu. Nikamwonyesha na mlinzi kitufe chekundu kando ya sanduku, nikamwambia mashine ikizidiwa na joto hujizima yenyewe kujilinda, na hairudi mpaka mtu abonyeze hapo. Nikawaeleza mambo mengine mengi. Baadaye nilikuja kugundua kwamba kila mmoja wao alishika moja tu, mzee alishika kitufe, na mama alishika "bure".

Nikarudi Mbeya kifua mbele. Alhamisi maparachichi yaliingia. Ijumaa asubuhi mama akanipigia nikiwa juu ya ngazi kwenye bucha moja ya Mwanjelwa. Tukasalimiana, tukasalimia ukoo wangu wote, mimi mguu mmoja hewani. Mwisho nikamkatiza, "Mama, chumba?"

"Chumba hakijambo, alhamdulillahi."

"Asante mama, baadaye!" Nikakata.

Jumamosi akapiga tena. Nikasema moyoni, huyu mama ananipenda. Hakijambo? Hakijambo, alhamdulillahi. Asante mama. Nikakata tena, na nikawatangazia wale mafundi wa Mbalizi kwamba chumba changu kinasimama kwenye sita siku ya pili sasa, na wao waendelee kucheka.

Jumapili alipiga mlinzi.

"Kamwene, fundi. Mashine imelala tena leo."

"Shikamoo mzee. Imelala tena? Tena kivipi?"

"Ee, si kila asubuhi tunaikuta imelala? Mimi naibonyeza pale pekundu, inaamka. Chumba kinakuwa kumi na tatu. Kwani mama hajakwambia? Amekupigia siku mbili."

Nilikaa chini kwenye ndoo. Mara moja nikaisikia ile "ila" ambayo sikuisubiri, mara mbili, ikining'inia huko hewani kati ya Mbeya na Iringa. Haraka haraka haina baraka, nimeimbiwa tangu nina miaka mitatu, na sikuwahi kudhani inahusu simu.

Nilipanda basi la kwanza nililolipata. Tulipofika Chimala wauza mchele walinyanyua mifuko yao dirishani kwangu, na nikawakazia macho kana kwamba wao ndio waliozima mashine. Nilikuwa nahesabu. Usiku wa Alhamisi, wa Ijumaa, wa Jumamosi. Parachichi lililotoka kuchumwa lina joto la shamba ndani yake, na lisipopozwa mapema linaanza kujiandaa kuiva, na likishaanza hulirudishi nyuma. Kabla ya Jumanne nilikuwa na siku mbili.

Nilifika alasiri. Kipimo kilisema nane na kilikuwa kinashuka vizuri. Maparachichi ya ndani niliyoyagusa yalikuwa magumu. Mama alinipokea na salamu zake zote, na safari hii nilizijibu moja moja kwa adabu, ingawa mkono mmoja tayari ulikuwa kwenye begi la vifaa. Nilipima gesi, ilikuwa sawasawa. Nilirudia povu la sabuni, ile yake nzuri, na hakuna kilichopumua. Umeme ulikuwa wa kutosha, feni zote zilizunguka, waya zote zilibana. Nikaipiga ile mashine ya nje kofi la kichwa, nikaitukana kwa Kisafwa, lugha ambayo haikuwa na njia ya kuielewa. Ikaendelea kunguruma kwa upole. Hakuna kinachokera kama mashine inayokuwa mgonjwa ukiwa mbali na mzima ukifika, kama mtoto mbele ya daktari.

"Usiku ndiyo inalala," mlinzi akasema. "Mchana haina shida."

Baada ya magharibi mama alinikaribisha ndani tule. Mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo na mimi nilikuwa natafuna, sikio moja mezani, la pili kwenye mashine. Lazima niseme, yale maandazi yalikuwa ya ajabu. Yamefura, mepesi, yana iliki, ukiyabonyeza yanarudi. Nikamsifu. Uso wake ukang'aa.

"Unajua mwanangu, kwa miaka yote hapa Iringa unga wangu ulikuwa haukubali kuumuka kwa baridi hii. Namtia hamira, namfunika, namwombea dua, analala tu kama mgonjwa. Wiki hii ndiyo nimeona maandazi." Akainuka, akachukua beseni. "Ngoja nikaumue wa kesho, nakuja."

Sikuunganisha chochote. Nilichukua andazi la nne. Kabla halijaisha, ile ngurumo ya nje ikapanda, ikawa nzito, ikakohoa, ikanyamaza.

Niliruka nikaangusha kiti. Nilifika uani na tochi kichwani, na nilichokiona sikukiamini mara moja. Mashine yangu ilikuwa imevaa blanketi. Blanketi la manyoya lenye picha ya simba, limefunikwa kuanzia juu hadi chini, limebanwa kwa matofali ili upepo usilifunue. Nikalinyanyua pembeni. Mbele ya feni, juu ya kigoda, lilikaa beseni la unga limefunikwa kanga, kama mgonjwa anayefukizwa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, maana chini ya kigoda kulikuwa na buti za mlinzi na soksi zake zimetandazwa, na pembeni ya buti boksi, na ndani ya boksi vifaranga sita wamejikunyata wakinitazama kwa dharau, kama mimi ndiye niliyeingia chumbani kwao bila hodi.

"Nani," nikasema, na sauti ilikuwa imeshapanda, "nani amefunika mashine? Hii ikifunikwa haipumui! Joto linarudi ndani, inajizima! Mmeizima wenyewe! Siku tatu mnaizima wenyewe!"

Nilikuwa nimelikamata lile beseni nikilitoa kwa hasira, na mguu ukagonga kigoda, na beseni likainama. Nusura nimwage unga, wake na wangu. Nililidaka kwa goti.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. Hakukasirika. Alisema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake aliposahau miwani, "Lakini mwanangu, si wewe mwenyewe ulisema linapotea bure?"

Nililishusha beseni chini polepole. Mlinzi naye akaja, akatazama buti zake, akatazama mbingu.

"Joto la maparachichi ya watu," mama akaendelea, "limetolewa kwa umeme ninaoulipia, linatupwa uani, na mimi na unga wangu tunatetemeka. Nikaona ni israfu. Na nilikupigia. Nilitaka kukwambia chumba hakijambo ila asubuhi tunaikuta imezima, je, labda ni hili blanketi? Ukakata. Nikapiga tena. Ukakata."

Hapo nilisikia aibu ikipanda kutoka miguuni. Alitaka kulitaja blanketi. Jawabu lote alikuwa nalo Ijumaa asubuhi, na mimi nilikuwa juu ya ngazi nikijiona nina kazi kuliko yeye. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu. Lote. Nisamehe." Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia hivyo mteja, na nilishangaa kwamba sikufa.

"Sasa unga wangu?" akauliza.

Tulilifunua sanduku, tukabonyeza kitufe, mashine ikaamka. Jumatatu nzima nilifanya kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Nilitengeneza kichanja cha vyuma hatua tatu mbele ya feni, mahali ambapo uvuguvugu unafika na hewa inapita bila kuzuiwa, chenye nafasi ya beseni juu na buti chini. Nikachukua rangi nyekundu nikachora mstari kwenye zege na kuandika kwa herufi kubwa: MWISHO WA MAANDAZI. Vifaranga nikawahamishia upande wao wa mstari. Mlinzi akausoma ule mstari kwa sauti, akauliza kama na soksi zinahesabiwa ni maandazi. Nikamwambia zinahesabiwa. Jioni unga uliumuka kule kichanjani, na Jumanne asubuhi kipimo kilikuwa kwenye sita.

Lori lilifika kabla jua halijakaza, pamoja na mkaguzi, dada mmoja mkimya mwenye kidole gumba ambacho sitakisahau. Alikuwa anachukua parachichi moja moja kutoka kwenye kila kreti, analibonyeza karibu na kikonyo, analirudisha. Kina mama wa Kilolo walikuwa wamekuja kuaga mzigo wao, wamesimama karibu na lori na mashuka yao mabegani. Kila mmoja alikuwa na alama yake ya chaki kwenye makreti, mwingine msalaba, mwingine jani, mwingine duara, na makreti ya mwenye chumba yalikuwa na mistari miwili. Nilimfuata mkaguzi nyuma kama mshtakiwa. Magumu. Magumu. Magumu. Nilianza kupumua.

Kisha akafika kwenye makreti matano ya karibu na mlango, yaliyoingizwa mwisho Alhamisi, yakiwa bado na jua la shamba. Kidole kikazama. Akachukua lingine, kikazama. "Haya hayaendi," akasema. "Ya nani?"

Yote matano yalikuwa na duara. Mwenye duara nilikuwa nimeshaonyeshwa asubuhi ile, mama mwembamba aliyekuja na makreti matano tu, kwa sababu miti yake ndiyo kwanza inazaa, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kuleta.

Nilifungua mdomo niseme ni kosa langu, lakini mwenye chumba alishapita mbele yangu. Akasimama mgongo ukiyagusa makreti, mtandio umemwagika nyuma. "Hayo ni yangu," akamwambia mkaguzi, akitabasamu. "Yaweke pembeni tu, mwanangu. Nitayala na majirani." Na nyuma ya mgongo wake niliona mkono ukienda na ncha ya mtandio, ukifuta duara la kwanza, ukitafuta la pili.

Akanitazama mara moja tu. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijifanya naenda kukagua feni ya kona ya ndani, yalikokuwa makreti yake yeye, ambayo kidole cha mkaguzi kilikuwa kimeyapita bila kuacha alama. Niliokota kipande cha chaki sakafuni. Kwa kitambaa changu cha mafuta nikafuta mistari miwili kwenye matano, na kwenye kila moja nikachora duara, baya, limepinda.

Wapakizi wakaanza kutoa. Mama mwembamba alikuwa amesimama pale mlangoni mwa lori akihesabu kwa kidole kila duara lilipopita. La tano lilipopita alishika mikono ya wenzake, akaruka kidogo, akawaambia kwa sauti ya kunifikia, "Yote! Yote yamekwenda! Mmeona? Huyu fundi anaijua kazi yake."

Nilitazama sakafu, nikajifanya naitafuta spana yangu, nayo nilikuwa nimeishika mkononi.